Kochi Lililomlaza Mama Mkwe

Leo nimelala kitanda kimoja na mama mkwe wangu. Mchana kweupe. Mlango wazi, ndugu zake wakitazama.

Kabla hamjaanza kuandika maneno yenu huko chini, subirini. Hakuna kati yetu aliyetaka. Tena kwa haki, mama mwenyewe hajawa mama mkwe wangu bado. Alikuwa aanze kuwa leo.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Mutua wa Mariakani, niliyeacha shule darasa la saba kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara ya malori. (Mwalimu alisema nitaishia kuwa mtu wa barabarani. Alidhani ananitisha.) Nimepakia maziwa, nimekuwa utingo, nimepaka boti rangi Kilifi, nimelinda nyumba za watu wasiokuja. Sikai mahali. Nikikuta kitu nisichojua kinavyofanya kazi, hukaa hapo mpaka nijue, halafu nahama.

Mwaka jana mzungu mmoja wa hapa Malindi alifunga nyumba akarudi kwao, akaniachia trela la kubebea boti. Boti ilikwisha kwenda na mtu mwingine, trela likabaki na kutu yake. Nikalikwangua. Nikalijengea kuta za plaiwudi, paa la bati, mlango ubavuni, kidirisha mbele. Likawa nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, lakini ukilifunga nyuma ya pikapu unalala popote unapotaka.

Wanawake niliowahi kuwaonyesha waliuliza choo kiko wapi. Kadzo, anayeshona nguo mtaa wa Shella hapahapa Malindi, alizunguka trela mara moja, akashika ukuta kwa kiganja, akauliza, "Tutaanzia wapi?"

Hapo nilikwisha. Kila mtu maishani mwangu ameniuliza nitatulia lini. Huyu aliuliza tutaanzia wapi.

Shida ni kwamba Kadzo ana mama, na mama yuko Vitengeni, na mama alishatoa neno: "Simtoi mwanangu kwa mtu asiye na hata kiti cha kumkalisha mgeni." Baada ya kubembelezwa sana, akakubali kuja kuona. Akiingia, akakaa, akala chakula changu, mambo ya mahari yanaanza kuzungumzwa. Asipokula, Kadzo anafunga cherehani yake na kurudi naye nyumbani. Ndivyo walivyokubaliana wao kwa wao. Mimi niliarifiwa tu.

Sasa sikilizeni tatizo lenyewe. Kwao Kadzo, na hata kwetu, mama hakai kwenye kitanda cha mkwewe. Hakigusi. Wengine hata kukiona hawataki. Ndiyo sababu watu wenye akili hujenga chumba na sebule, na kama hawana uwezo wa ukuta, huweka pazia. Trela langu ni chumba kimoja. Pazia ukiliweka, mgeni anabaki nje.

Kadzo alikuwa na jibu. "Tutandike mkeka nje, hapo kivulini. Mama atakaa, atakula, atafurahi. Ndani tufunge."

Mtu wa kawaida angesema sawa. Mimi nikasema, "Nitatengeneza kitanda ambacho mchana si kitanda."

(Nikikumbuka jinsi nilivyolisema, kifua mbele, natamani kujizaba kofi.)

Nilitazama video kwenye simu mpaka macho yakaniwasha. Kazi yenyewe si ngumu. Unapanga mbao nyembamba kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Kitana kimoja kimeshikiliwa na ukuta wa nyuma, cha pili kina miguu na kinateleza juu ya reli. Vikiwa pamoja una kiti. Ukivuta cha mbele, kinatoka hadi katikati ya chumba, na mgongo wa kiti unashuka wenyewe kujaza pengo. Hapo una kitanda cha watu wawili. Nyuma ya ule mgongo niliacha nafasi ya kufichia mito na shuka. Mchana huoni kitu. Unaona kochi, kitambaa cha samawati, basi.

Nilijivunia kochi lile kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa. Wiki nzima nililivuta na kulirudisha, bila sababu, nikisikiliza tu linavyokwenda.

Bakari, fundi vyuma ambaye trela langu limeegeshwa uani kwake, alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Ni mtu wa mjini, maneno yake huyatoa polepole kama anayahesabu.

"Mutua, ndugu yangu, kazi ni nzuri, mashallah. Lakini umefanya jambo la hatari."

"Lipi?"

"Umekifundisha kiti kusema uongo."

Nilicheka. Nilicheka sana.

Basi, leo asubuhi. Wageni wanakuja mchana, mimi nimeamka na wasiwasi. Nikalitazama kochi kwa macho ya mama. Pale mbele lilikuwa na komeo la shaba, lile linalozuia kiti kisitoke chenyewe. Nikawaza: mama ataona komeo. Atauliza, kiti kinafungwa komeo ya nini, kina mali? Nikalifungua komeo, nikalitia mfukoni. Badala yake nikafunga chini kwa chini kipande cha utepe kutoka kwenye masalio ya vitambaa vya Kadzo. Hakionekani kabisa.

Kisha nikawaza: reli zinalia. Mama akijisogeza kidogo, kiti kitalia kama kitanda. (Kila mtu anaujua mlio huo. Mama wa watoto sita anaujua zaidi.) Nikazipaka reli mafuta ya nazi. Kimya. Zikateleza kama samaki.

Kisha Kadzo akaniita nje. Wali uko tayari kupanda motoni, kuku wa kupaka wamekwisha kukolea kwenye jiko, lakini sufuria ya wali ni ile kubwa ya Mama Bakari, na mafiga hayatoshi.

"Nitafutie mawe matatu ya maana," akasema.

Mawe matatu ya maana, ya matumbawe, yaliyochongwa sawasawa, yalikuwepo. Yalikuwa chini ya mkono wa trela. Trela lile lina magurudumu mawili katikati, na mbele kuna ule mkono wa chuma unaofungwa kwenye gari. Lisipokuwa na gari, mkono huo lazima ukae juu ya kitu, la sivyo nyumba nzima inainamisha pua.

Nikayatoa mawe. Mahali pake nikasimamisha dumu kubwa la maji, limejaa pomoni, kifuniko kimekazwa kwa mkono. Niliwahi kusoma mahali kwamba maji hayabanwi. Ukiyafungia hayana pa kwenda, yanabeba lori. Nikauweka mkono juu ya dumu. Likavimba kidogo, likatulia. Nikamwita Bakari aje aone elimu.

Bakari aliliangalia dumu kwa muda. "Na mtu akilifungua?"

"Nani atafungua dumu lililo chini ya nyumba?"

Akanywa kahawa yake. Wallahi, yule mtu siku moja aseme tu wazi.

Walifika adhuhuri na gari la kukodi. Mama Kadzo, mrefu, mkavu, leso mpya, kitambaa cha kanisani kichwani. Shangazi Dama, dada ya marehemu baba yake Kadzo, ambaye huongea kwa niaba ya kila mtu. Na Mzee Karisa, baba mdogo, mwenye fimbo asiyoihitaji.

Nikasimama mbali kama inavyotakiwa, macho chini. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaiambia ardhi.

Shangazi Dama alishika kiuno. "Hii ndiyo nyumba? Mbona ina tairi?"

"Ili isichoke kukaa mahali pamoja, shangazi."

(Hakucheka. Mnakumbuka mlivyoniambia nina mdomo mtamu? Mlidanganya.)

Mzee Karisa alizunguka, akapiga tairi teke kama anayenunua gari. "Hapa mke akikasirika hawezi hata kurudi kwao," akasema. "Atafika Vitengeni, ageuke, aione nyumba inamfuata."

Hapo mama akatabasamu kidogo. Nikaona mlango umefunguka. Lakini hapohapo akamgeukia Kadzo, akauliza kwa sauti ya chini ambayo sote tulikusudiwa kuisikia:

"Na kitanda kiko wapi?"

Kadzo akaniangalia. Macho yake yalisema mkeka. Yalisema bado hujachelewa, tandika mkeka.

"Ndani hamna kitanda, mama," nikasema.

Na ni kweli! Saa ile hakikuwepo!

Mama akavua viatu, akaingia. Akatazama paa, kidirisha, rafu ya vikombe. Akakaa. Reli hazikulia. Akafumba macho, akainamisha kichwa, akaomba Mungu abariki nyumba hii na kiti hiki na mikono iliyokitengeneza. Alikitaja kiti kwa jina, jamani. Shangazi Dama akaitikia amina kutoka dirishani, alikokuwa akikagua mshono wa pazia la kidirisha.

Kisha mama akapapasa kitambaa cha samawati, akasema, "Kiti kizuri."

Maneno mawili. Sijawahi kupata cheti, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Niliyasikia nikiwa nje, mahali pangu, mahali mkwe anapotakiwa kukaa wakati mama anakula. Kadzo alishamnawisha kwa beseni na birika, akampakulia wali na kuku, akamwekea sahani mapajani. Kilichobaki ni tonge moja. Tonge moja tu lishuke, na mimi na Kadzo tuna mwanzo.

"Nani alikitengeneza?" mama akauliza.

Kadzo akasema, "Ni yeye mwenyewe, mama."

"Peke yake?"

Hapo ndipo ningepaswa kung'ang'ania ardhi kwa meno. Lakini sifa zilinivuta kama kamba. Nikapanda ndani. (Eti nimwonyeshe na kidirisha nilivyokikata.) Nikasimama mbele, nimeelekeza uso dirishani ili nisimtazame mama usoni. Kwa adabu! Nikaanza kueleza habari za plaiwudi.

Kupitia kidirisha hichohicho nilimwona Mzee Karisa.

Mzee hakutaka kungoja birika. Alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunawa, akazunguka mbele ya trela, akakuta dumu limejaa, safi, chini ya ule mkono wa chuma, kifuniko kimechungulia pembeni. Akaegemeza fimbo. Akainama. Akaanza kuzungusha kifuniko.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema "Mzee, hapana!" Ikatoka "Mmm."

Maji yalimpiga usoni kama mfereji uliopasuka. Dumu likajikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Na nyumba yangu, taratibu kwanza, halafu kwa ghafla, ikainamisha pua mpaka ikagonga chini.

Ndugu zangu, elimu ni kitu kibaya. Katika muda ule mfupi nilielewa yote kwa mpangilio: sakafu imekuwa mteremko, utepe hauna nguvu, mafuta ya nazi yana kazi moja tu duniani.

Pa! Utepe ukakatika. Kiti kikatoka mbio kwa ukimya mkubwa, kikanipiga nyuma ya magoti, nikaketi bila kupenda, nikaanguka chali. Wakati huohuo mgongo wa kochi ukashuka kama nilivyouamuru ushuke, na mama naye akashuka nao, chali, mikono kifuani. Kitanda kikajifunga kwa mlio mdogo mzuri. Kilikuwa sawasawa kabisa. Siku zote za majaribio hakikuwahi kunyooka vizuri vile.

Mito miwili ikachomoza kutoka mafichoni. Mmoja ukatua kando ya sikio la mama, kama umewekwa na mhudumu wa hoteli. Foronya aliitarizi Kadzo mwenyewe kwa uzi mwekundu: LALA SALAMA MPENZI.

Wali ulikuwa umeruka juu. Sasa ukatunyeshea sote wawili. Kama maharusi.

Mama alikuwa anatazama paa. Mimi nilikuwa natazama paa. Bega lake na bega langu, nisiseme zaidi. Shangazi Dama, aliyening'inia kwenye pazia, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliotoa mafundi wote kwenye karakana ya Bakari. Wakajaa mlangoni na miwani yao ya kuchomelea, wakatutazama.

Na hapo Kadzo akacheka.

Hakukusudia. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili, mdomo ameukaza, na kicheko kikampitia puani, kisha kikatoka chote, mpaka akakaa chini sakafuni. Alicheka kama nilivyomsikia akicheka siku ya kwanza nilipomwambia mimi ni fundi. Mama akageuza shingo juu ya ule mto, akamtazama bintiye. Nadhani aibu ya kitanda angeisamehe. Kicheko kile hakukisamehe.

Tuliondoka kitandani kila mtu upande wake, bila kutazamana. Mafundi wakainua pua ya trela, Bakari akarudisha mawe kutoka mekoni, yakiwa bado ya moto. Hakuniambia nilikwambia. Alinipangusa wali begani tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha tukakaa kwenye mkeka. Nje. Kivulini.

Mzee Karisa alikuwa mwamuzi. Shati limemganda mwilini, ndevu zinadondosha maji.

"Kijana. Kile ni kiti au ni kitanda?"

"Mchana ni kiti, mzee."

"Sasa hivi ni mchana au usiku?"

"Mchana."

"Na mama yako pale ndani alikuwa amekaa au amelala?"

"Alikuwa... amelala."

"Na wewe?"

"Nililala pia. Lakini mzee, sikulala kwa kulala!"

"Basi," akasema. Akalikamua pindo la shati.

Nilitaka kuuliza ni nani aliyefungua dumu. Swali lilinifika mdomoni kabisa. Nikatazama yale maji yanavyochuruzika kutoka kwenye fimbo yake, nikalimeza. Jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele yetu limelowa chepechepe, na hakuna hata mtu mmoja aliyeliona.

Hukumu ikatoka. Mambo ya kusafishana kimila yatafanywa nyumbani, na wakubwa. Mazungumzo ya mahari yamesimama. Kadzo anarudi Vitengeni leo. Nikiwa bado nina nia, nitafute nyumba yenye chumba na sebule, iliyokaa chini, isiyo na tairi. Na kile kitanda, kwa kuwa mama amekilalia, mimi siwezi kukilalia tena, wala binti yake. Kitaondoka na mwenyewe.

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

Shangazi Dama akanionyesha mama kwa kidevu.

Nilikifungua kwa mkono wangu. Skrubu moja moja. Mafundi wa Bakari walikipandisha juu ya gari, pamoja na mito, nami ndiye niliyewaelekeza wakifunge vipi kisikwaruzike. (Ndiyo. Niliwapa hata blanketi la kukikinga.) Nilipokuwa nakaza kamba, mama alimwita Kadzo pembeni, akasema bila kunitazama:

"Mwulize, hii huvutwa kutoka wapi?"

Nikaeleza. Kadzo akamweleza. Mama akatikisa kichwa kama aliyesikia habari ya mtu wa mbali. Nikatoa lile komeo la shaba mfukoni, nikampa Kadzo. "Mwambie alifunge mchana," nikasema. "La sivyo kinatoka chenyewe."

Kadzo alilifumba kiganjani. "Mkeka, Mutua," akasema. "Nilisema mkeka." Halafu akaingia garini akaketi chini ya kitanda chetu, wakaondoka.

Jioni hii nimepata ujumbe wake. "Tumefika. Kochi limewekwa sebuleni. Majirani wamekuja kuliangalia. Mama amelivuta mara moja tu, sasa amelala, anakoroma."

Nikaandika, "Na wewe unalala wapi?"

Akajibu, "Mkekani."

Nimekaa ndani ya trela, juu ya dumu lililokunjamana. Ukutani pale nyuma pana matundu ya skrubu tu. Nafasi imekuwa kubwa ajabu. Kesho naweza kulifunga nyuma ya gari lolote na kwenda popote ninapotaka, na kwa mara ya kwanza sijui nianzie wapi.

Nawaomba kitu kimoja tu: msicheke. Mmoja alishacheka kwa niaba yenu nyote, na mnaona alikopelekwa.